Kipupwe Milimani: Maneno ya Baridi na Juma la Mwalimu

Mara nyingi walimu wenzetu wametuuliza ni neno gani la Kiswahili lifaalo kutumika pahali pa lile neno la vitabu vya Ulaya lenye maana ya majira ya baridi. Wengine huandika "kipupwe", wengine "wakati wa baridi", na wengine "masika", na kila mmoja anayo hoja yake. Tungeweza kujibu kwa mistari mitatu, lakini tumeona ya kuwa jambo hili si la kamusi tu. Neno la majira hubeba ndani yake desturi za watu, na mwalimu asiyelijua vyema huweza kumhukumu mtoto pasipo haki. Sisi wenyewe tulifanya hivyo. Kwa hiyo tutaeleza kwanza maneno yenyewe, kisha tutasimulia juma moja la kazi ya shule katika milima ya Usambara, mwishoni mwa mwezi wa Julai, ili wasomaji wapime kama tumejifunza jambo lenye kufaa.

Majina ya majira

Watu wa Ulaya huugawa mwaka katika mafungu 4 kwa kufuata joto na baridi. Watu wa pwani yetu tangu kale waliugawa kwa kufuata pepo na mvua, kwa kuwa walikuwa mabaharia na wakulima. Pepo kuu ni mbili. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, tangu Desemba hata Machi hivi, nayo ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Arabuni na ya Bara Hindi. Kusi huvuma kutoka kusini, tangu Aprili hata Septemba au kupita, nayo ndiyo iliyoyarudisha kwao. Kati ya pepo hizi ni wakati wa maleleji, ambao wengine huuita tanga mbili, upepo usipokuwa na upande ulio wake.

Ndani ya pepo hizo zimo mvua. Masika ni mvua kubwa, Machi hata Mei. Vuli ni mvua ndogo, Oktoba hata Desemba. Mchoo ni manyunyu ya katikati, Julai na Agosti. Kiangazi ni wakati wa jua kali. Demani ni mwisho wa kusi, upepo unapopungua na bahari inapotulia. Na kipupwe ni wakati wa baridi, Juni hata Agosti. Neno hili la mwisho halikufa vitabuni, kwani hata leo Mamlaka ya Hali ya Hewa ya Tanzania hulitumia itoapo habari za miezi hiyo mitatu.

Tazameni ya kuwa kipupwe chetu huangukia miezi ile ile ambayo huko Ulaya ni wakati wa joto. Mwezi wa Juni jua limekwenda upande wa kaskazini, nasi tu upande wa kusini wa ikweta. Basi mwalimu asomeshaye kitabu kilichotungwa Ulaya, kisemacho ya kuwa Desemba ni mwezi wa baridi, na huku watoto wamekaa mbele yake wakitoka jasho, hana budi kueleza sababu. Asipoeleza, watoto watadhani kitabu chasema uongo, au, jambo lililo baya zaidi, watadhani ya kuwa macho yao wenyewe ndiyo yasemayo uongo.

Tena watu wa kale walikuwa na hesabu ya siku iliyofuata jua, mbali na miezi ya Kiislamu ambayo hufuata mwandamo. Siku ya kwanza iliitwa Nairuzi, neno litokalo Uajemi, au Siku ya Mwaka. Toka siku hiyo walihesabu siku kumi kumi, kila kumi ikiitwa mwongo, hata zikatimia siku 360, kisha zikabaki siku 5 za kumalizia. Kwa hesabu ya miongo baharia alijua lini asafiri, na mkulima alijua lini apande. Sikukuu hiyo hata leo huadhimishwa Makunduchi, kusini mwa Unguja, kwa jina la Mwaka Kogwa, nayo huangukia mwezi wa Julai, katikati ya kipupwe. Mtu asiseme, basi, ya kuwa wazee wetu hawakuwa na kalenda mpaka walipoletewa na shule.

Baridi ya Maandiko

Wahubiri hukutana na neno hili kwa njia nyingine. Katika nchi ya Palestina mvua hunyesha tangu Oktoba hata Aprili hivi, na miezi ya joto huwa mikavu kabisa. Kwa hiyo baridi na mvua huja pamoja, na majira ya baridi ya Maandiko ni majira ya matope. Neno la Kiyunani lililotumika katika Injili, nalo ni cheimon, lina maana mbili kwa pamoja: majira ya baridi, na dhoruba ya mvua.

Katika sura ya 24 ya Mathayo Bwana awaagiza watu waombe kukimbia kwao kusiangukie wakati huo. Mtu wa pwani akisikia habari ya wakati wa baridi huweza kudhani ya kuwa huo ndio wakati mwema wa kukimbia, maana hakuna jua la kumchoma njiani. Lakini mtu wa milimani afahamu mara moja: vijito vimejaa, njia zateleza, na mama mwenye mtoto mgongoni hana mahali pakavu pa kumlaza. Kadhalika katika sura ya 10 ya Yohana twasoma ya kuwa ilikuwa wakati wa baridi, na Yesu alikuwa akitembea hekaluni katika ukumbi wa Sulemani. Aliyekaa Lushoto mwezi wa Julai hahitaji kuelezwa kwa nini watu walitembea chini ya paa. Katika sura ya 28 ya Matendo, wenyeji wa kisiwa cha Malta waliwawashia moto wale waliovunjikiwa na merikebu, na mwandishi ataja sababu zote mbili, mvua na baridi.

Hapa ndipo lilipo jibu letu kwa wale waliotuuliza. Kiswahili cha pwani hakina neno moja liunganishalo baridi na mvua, kwa kuwa pwani mambo hayo hayaendi pamoja. Masika ina mvua, lakini si neno la baridi. Kipupwe kina baridi, lakini huko pwani mvua yake ni haba. Mfasiri akitumia moja tu, apoteza nusu ya maana. Afadhali aseme "wakati wa baridi na mvua", ijapokuwa ni maneno mengi, kuliko kutumia neno moja zuri ambalo msikiaji atalielewa kinyume.

Neno baridi lenyewe

Neno "baridi" limetoka katika Kiarabu, na ndugu zake katika lugha yetu ni wenye furaha wote. "Kuburudika" ni kupata ubaridi mwilini, na kwa hiyo ni kustarehe. "Burudani" ni kitu cha kuuchangamsha moyo. Katika nchi ya joto, mtu atokaye juani akapewa maji ya mtungi na kivuli cha mwembe, baridi kwake ni raha, wala si ajabu kwamba raha yenyewe ikaitwa kwa jina lake. Maji yasiyo ya chumvi nayo huitwa maji baridi, hata yakiwa ya vuguvugu. Lakini tunalo pia jina "baridi yabisi", ndio ugonjwa wa viungo, na hapo baridi si rafiki tena.

Maneno ya Kibantu yaliyo karibu nalo ni "kupoa", lisemwalo juu ya chakula na homa na hasira pia, na "kuzizima", ndiko kuwa baridi sana. Angalieni tena ya kuwa Mswahili hasemi tu "naona baridi", bali husema pia "nasikia baridi", kama kwamba baridi ni mtu asemaye naye. Na neno "kuota" lina kazi tatu: mbegu huota ardhini, mtu huota ndoto, na mtu huota moto au jua ili apate joto. Watoto hulifurahia sana jambo hili likiwa somo la lugha, hasa siku ya mvua.

Twayasema haya kwa kuwa walimu wengi wapelekwao milimani wamezaliwa katika nchi ya joto, nasi tulikuwa miongoni mwao. Tulipanda kwenda Usambara tukiwa na Kiswahili ambacho baridi ndani yake ni burudani. Hatukuwa wa kwanza. Zamani za Wadachi, Lushoto iliitwa Wilhelmsthal, na wakubwa wa serikali walipanda huko kuukimbia ukali wa joto la pwani. Mtu mwenye blanketi, viatu na nyumba ya matofali huiona baridi kuwa mapumziko. Mtoto mwenye shati moja huiona vingine.

Jinsi baridi inavyofika Usambara

Milima hii husimama ghafula juu ya nyika, si mbali na bahari. Mji wa Lushoto uko kadiri ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na vilele vingine hupita mita 2,000. Hewa hupoa kwa kadiri ya digrii 6 kila ipandapo mita 1,000. Kusi ikitoka baharini ikiwa imejaa unyevu, hukutana na ukuta wa milima, hupanda, hupoa, na unyevu wake hugeuka kuwa ukungu na manyunyu. Si mvua ya kishindo kama ile ya masika, bali ni rasharasha isiyokoma, ambayo huanza usiku na kuendelea hata mchana, na pengine jua halionekani siku 4 au 5. Theluji hakuna, wala maji hayagandi mtungini. Ni baridi ndogo ukiipima kwa kipimo cha Ulaya, lakini huingia katika nguo zilizolowa na katika nyumba zisizo na moto, nayo haitoki.

Juma lenyewe

Jumatatu ya juma tunalolisimulia tuliamka katika ukungu mzito hata mti wa kengele haukuonekana kutoka mlangoni. Kengele ya shule ililia saa 1 kamili, kama ilivyo amri. Walioitika walikuwa wale wakaao karibu. Wengine walifika mmoja mmoja, miguu imejaa matope na mikono imefichwa kwapani. Tuliandika katika daftari la mahudhurio neno "amechelewa" mara nyingi kuliko tulivyowahi kuandika. Wa mwisho alikuwa mvulana wa darasa la 4, mtoto mwenye bidii, ambaye mwezi wa Novemba uliotangulia hakuchelewa hata siku moja. Tulimwuliza sababu, akanyamaza. Tuliona kunyamaza kwake kuwa ni kiburi, tukamwamuru asimame barazani mpaka kipindi kiishe, ili awe fundisho kwa wenzake. Baraza ile ilikuwa na paa, lakini upepo ulileta manyunyu mpaka ukutani.

Jumanne alichelewa tena, na shati lake lilikuwa bichi. Hapo tulianza kuona jambo tulilokuwa hatujaliangalia. Mtoto mwenye sare moja huifua jioni ili aivae asubuhi. Wakati wa jua huianika uani, nayo hukauka kabla ya magharibi. Lakini "kuanika" ni kuweka kitu juani, na pasipo jua hakuna kuanika, iko "kukausha" tu, nako kwataka moto na kuni kavu. Kuni za juma lile zilikuwa zimelowa. Basi mtoto alikuwa na njia tatu: kuja na nguo chafu akaripiwa, kuja na nguo mbichi akatetemeka, au kutokuja. Tulihesabu darasani watoto walioichagua njia ya pili, tukaona ni wengi, na hakuna aliyelalamika.

Jumatano mvua ilizidi. Shule yetu ilikuwa na paa la bati, na kila mwalimu aliyefundisha chini ya bati ajua ya kuwa mvua kubwa humnyang'anya sauti. Kusoma imla hakuwezekani, wala kuimba, wala kuuliza na kujibu. Chaki ilikuwa imelowa unyevu, haiandiki ubaoni. Tulifunga madirisha ya mbao kwa ajili ya upepo, chumba kikawa giza; tukayafungua, daftari zikalowa. Mwisho tuliwakusanya watoto katikati ya chumba, wakaketi wamebanana, tukawaacha wasome kimya, wawili wawili kwa kitabu kimoja, nasi tukapita katikati yao tukiinama kusikiliza. Twakiri ya kuwa siku ile tulisikia kusoma kwa kila mtoto mmoja mmoja, jambo ambalo siku za jua hatukulifanya. Lakini yule mvulana hakuwapo.

Alhamisi, masomo yalipokwisha, tulikwenda kwao kumjulia hali. Njia ilishuka bondeni, ikavuka kijito kwa mawe, kisha ikapanda ng'ambo ya pili. Mawe mengine yalikuwa yamefunikwa na maji. Tulitumia saa moja na robo, na mara mbili tulianguka. Tulipofika tulipiga hodi, bibi yake akatukaribisha ndani, tukamsalimu, "Shikamoo, bibi," naye akaitika, "Marahaba, mwalimu, karibu moto." Mvulana alikuwa amelala karibu na mafiga, amefunikwa kanga ya bibi yake, anakohoa na kushika ubavu.

Tulimwuliza bibi kwa nini mtoto huchelewa siku hizi. Hakukasirika. Alisema, "Mwalimu, sisi hapa hatuna saa. Namwamsha kunapopambazuka, kama siku zote, naye huondoka papo hapo. Jua ndilo saa yetu, na juma hili jua lenyewe halikuja."

Hatukuwa na la kujibu. Tulimchukua mtoto zahanati asubuhi yake, tukiwa na mjomba wake aliyembeba mgongoni, tukaambiwa ya kuwa ni kichomi. Alipewa dawa, akapona, lakini alikosa masomo majuma matatu. Hatusemi kwamba kusimama barazani ndiko kulikomtia ugonjwa. Kichomi huletwa na vijidudu, navyo huenea upesi watu wakibanana katika vyumba vilivyofungwa. Lakini mwili uliolowa na kuchoka hushindwa upesi, na siku ile ya Jumatatu sisi hatukumsaidia.

Ijumaa ilituletea jambo jingine la kuangalia. Mwalimu mwenzetu, mtu wa pwani kama sisi, alikuwa ameingiza jiko la mkaa chumbani mwake usiku, akafunga mlango na dirisha, akalala. Asubuhi hakuja kazini. Jirani alimkuta anatapika, kichwa chauma kana kwamba kitapasuka, wala hawezi kusimama. Alitolewa nje penye hewa, akapona. Mkaa uwakao katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mtu aliyelala huweza kufa pasipo kuamka. Nyumba ya kale ya majani ilikuwa na moto katikati usiku kucha, lakini hewa ilipenya katika paa. Nyumba yetu ya saruji na bati haina njia hizo. Tumeichukua desturi ya moto tukaiacha nyumba iliyoifaa. Basi twawasihi walimu wote wa nchi za baridi: jiko lisilale chumbani pamoja na mtu.

Saa na jua

Jumamosi, mvua ikiwa bado, tuliketi tukayafikiri maneno ya yule bibi kwa karatasi na kalamu. Saa ya Kiswahili huhesabiwa toka kuchomoza kwa jua. Saa 1 ni saa ya kwanza ya mchana, kama vile katika Injili wale wafanya kazi wa shamba la mizabibu walivyoajiriwa saa ya tatu, ya sita na ya tisa. Katika hesabu ya kale saa ilifuata jua lenyewe. Lakini saa ya ukutani, ile ya mkononi, na hata ile ya simu, hazifuati jua. Hufuata mstari wa nyuzi 45 za mashariki, ambao kwa upande wetu hupita baharini, mbali na pwani. Tena jua halichomozi dakika ile ile mwaka mzima. Urefu wa mchana hapa kwetu haubadiliki sana, lakini mwanzo wake husogea.

Katika Lushoto, mwanzoni mwa Novemba, jua huchomoza saa 12 asubuhi na dakika 2 hivi. Mwishoni mwa Julai huchomoza saa 12 na dakika 37 hivi. Tofauti ni dakika 35, zaidi ya nusu saa. Sasa mchukueni mtoto aondokaye kunapopambazuka, dakika 20 kabla ya jua, mwenye mwendo wa saa moja na robo. Mwezi wa Novemba hufika dakika 3 kabla ya kengele ya saa 1. Mwezi wa Julai, akiondoka kwa uaminifu ule ule na kutembea kwa mwendo ule ule, hufika dakika 32 baada ya kengele. Ongezeni ukungu unaochelewesha mapambazuko, na njia yenye utelezi, na kijito kilichojaa. Mtoto hakubadilika hata kidogo. Ni jua lililobadilika, nasi tukamwadhibu mtoto.

Mtu aweza kusema ya kuwa mzazi angemwamsha mapema zaidi. Amwamshe kwa alama gani? Jogoo huwika mara kadha wa kadha gizani. Tena ni nani kati yetu ampelekaye mtoto wake wa miaka 10 peke yake bondeni gizani, katika ukungu, kuvuka maji asiyoweza kuona kina chake? Yule bibi alimwamsha kwa wakati ulio salama. Akili yake ilikuwa nzuri kuliko daftari letu.

Jumatatu iliyofuata tulimweleza mwalimu mkuu hesabu hii. Hakuweza kuusogeza wakati wa kengele, maana hiyo ni amri ya wakubwa, lakini alikubali mambo matatu, nayo twayaandika hapa kwa faida ya wengine. La kwanza, tangu Juni hata Agosti daftari la mahudhurio lisomwe baada ya kipindi cha kwanza, na kipindi hicho kiwe cha kusoma au hadithi, ili afikaye nyuma asikose msingi wa somo jipya. La pili, moto wa jikoni, ambapo uji hupikwa, uwashwe mapema, na watoto waliolowa wapite hapo kwanza waote moto na kukausha nguo kabla ya kuingia darasani. La tatu, watoto wa mlima mmoja wapangwe kutembea pamoja, wakubwa wakiwashika wadogo mkono katika kuvuka. Kwa mambo haya hatukuiondoa baridi, wala hatukumaliza kuchelewa. Lakini neno "amechelewa" lilipoandikwa tena, tulijua tunaandika nini.

Yule mvulana alirudi shuleni mwezi wa Agosti ukiwa umeanza. Tulimwomba radhi mbele ya darasa lile lile lililomwona amesimama barazani. Alinyamaza kama alivyonyamaza mara ya kwanza, na safari hii tulifahamu ya kuwa mtoto wa huko, aliyelelewa vyema, hajibizani na mkubwa wake, hata akiwa na haki.

Tungependa ndugu zetu walioko Njombe, Rungwe, Uchagani, na katika nchi nyingine za baridi, watuandikie maneno ya lugha za kwao yatajayo baridi, ukungu, umande na sakitu, pamoja na alama wazitumiazo wazee kujua saa jua lisipoonekana. Yako mengi tusiyoyajua, na watoto wetu hutembea ndani yake kila asubuhi.